Zahiri na Batini katika Utafiti wa Maoni

Utafiti wa maoni ya watu, hasa ule unaofanyika katika nchi nyingi kwa pamoja na kumuuliza swali lile lile mkulima wa Kigoma, mchuuzi wa Cairo na mhasibu wa Osaka, umejengwa juu ya dhana mbili ambazo ni nadra kuchunguzwa: kwamba ndani ya kila mtu yamo maoni yaliyokwisha kukamilika, yanayongoja kuulizwa tu, na kwamba maoni hayo yakishatamkwa na kugeuzwa tarakimu yanaweza kuwekwa katika mzani mmoja na maoni ya watu wa taifa jingine. Dhana ya kwanza ni ya kifalsafa na ya pili ni ya kihesabu, lakini ya pili haisimami bila ya kwanza. Swali likihusu bei ya unga au hali ya barabara, udhaifu wa dhana hizo hauleti madhara makubwa, kwa kuwa unga na barabara viko nje ya mtu na vinaweza kukaguliwa. Likihusu imani, au uzito wa dini katika maisha ya mtu, hakuna kitu cha kukagua, na mtafiti hubaki na kauli peke yake.

Tatizo hili si geni kwa elimu za dini. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautisha kwa muda mrefu zahiri, yaani lile linaloonekana na kusikika, na batini, yaani lile lililofichika moyoni, na kadhi hufundishwa kuhukumu kwa zahiri huku batini akimwachia Mwenyezi Mungu. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Muslim, Usama bin Zaid alimuua vitani mtu aliyekuwa ametamka shahada, akajitetea kwamba mtu yule aliitamka kwa kuogopa silaha, na Mtume akamkemea kwa kumuuliza kama aliupasua moyo wake hata akajua. Katika Injili ya Mathayo, nako, mwenye kusali anaelekezwa aingie chumbani na kufunga mlango, kwa hiyo ibada iliyo bora ndiyo ile ambayo jirani hawezi kuitolea taarifa. Mdadisi anayebisha hodi akiwa na dodoso mkononi na kuuliza mtu husali mara ngapi kwa wiki anagusa jambo ambalo mapokeo yote mawili yaliona hatari kulitangaza.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imeacha alama ya mkanganyiko huu. Maneno “kura ya maoni” hutumika kwa mambo matatu tofauti: upigaji kura wa wananchi wote juu ya jambo kama katiba, mchujo wa wagombea ndani ya chama kwa upande wa Tanzania, na mahojiano ya watu elfu moja au mbili yanayofanywa na kampuni ya utafiti. Kuviita vitu vitatu jina moja ni kukubali kimyakimya kwamba anayejibu dodoso anapiga kura, na hivyo ndivyo alivyotaka ieleweke Mmarekani George Gallup, mwasisi mkuu wa kazi hii, aliyeamini kwamba utafiti wa maoni ni kura ya wananchi isiyokoma. Hata hivyo kura hupigwa kwa siri, juu ya jambo lililokwisha kujadiliwa, na mtu aliyekwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Mahojiano hayana hata moja kati ya sifa hizo, na kwa sababu hiyo makala hii inatumia maneno “utafiti wa maoni”.

Sehemu ya kihesabu ndiyo iliyopata ufumbuzi mapema zaidi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi zipatazo milioni 10, likapokea majibu yapatayo milioni 2.4, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48, na Gallup, aliyetumia sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali, alikuwa amembashiri mshindi sawasawa. Sampuli ni kundi dogo la watu linalochaguliwa ili liwakilishe kundi kubwa, na somo la mwaka ule lilikuwa kwamba wingi wa waliojibu haufidii upogo wa namna walivyopatikana. Leo inajulikana kwamba watu 1,200 waliochaguliwa kwa nasibu, yaani kwa bahati isiyopendelea yeyote, hutoa makadirio yenye kosa lisilozidi asilimia 3 hivi juu au chini katika sampuli 95 kati ya kila 100, na ukubwa wa nchi haubadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha kujali: idadi inayoitosha Burundi inaitosha China.

Hata hivyo nasibu ikifika mlangoni hukutana na desturi. Mtandao wa Afrobarometer, ulioanzishwa mwaka 1999 na wenye makao yake Accra, huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya, kisha mtu mmoja ndani ya kaya, huku wanaume na wanawake wakipokezana. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuieleza uani. Mkuu wa kaya amempokea mgeni na kumpa kiti, halafu anaambiwa kwamba anayehitajika ni mke mdogo au kijana aliyemaliza shule mwaka jana, tena aongee bila wengine kuwapo. Kanuni hii, ambayo mtakwimu Leslie Kish aliipa utaratibu wa jedwali mwaka 1949, inabeba ndani yake fundisho zima kuhusu binadamu: kwamba kila mtu mzima ni mwenye maoni yake peke yake na kwamba maoni ya mmoja yana uzito sawa na ya mwingine. Huenda fundisho hilo ni jema, lakini halikutoka katika takwimu, na katika jamii ambayo shauri hukatwa baada ya wazee kukaa, mtu anayedaiwa maoni yake kabla ya kikao anaombwa kitu ambacho bado hakijatengenezwa.

Ugumu wa lugha ni mkubwa kuliko huo, na ndio unaostahili kukaliwa kwa muda. Njia iliyozoeleka tangu makala ya Richard Brislin ya mwaka 1970 ni tafsiri ya kurudi: dodoso hutafsiriwa kutoka lugha ya kwanza kwenda ya pili, mtu mwingine asiyeliona la kwanza hulirudisha, kisha matini mawili hulinganishwa. Njia hiyo hukamata makosa ya wazi, lakini huachia makosa yaliyojificha, kwa sababu mfasiri hodari hulijua neno linalotarajiwa upande wa pili na hulirudisha hata pale ambapo mwanakijiji asingelielewa hivyo. Kwa sababu hiyo Utafiti wa Kijamii wa Ulaya, ulioanza kukusanya data mwaka 2002, ulifuata utaratibu uliotetewa na Janet Harkness, ambapo wafasiri wawili hutafsiri kila mmoja kivyake, jopo hukaa kuzijadili tafsiri, mwamuzi huamua, na dodoso hujaribiwa kwa watu kabla ya kazi yenyewe.

Kiswahili kinatoa mfano mzuri. Swali moja kongwe, linaloulizwa katika nchi kadhaa wa kadhaa na Utafiti wa Maadili ya Dunia uliozinduliwa mwaka 1981 na kuhusishwa sana na jina la Ronald Inglehart, linataka kujua kama mhojiwa anaona kwamba sehemu kubwa ya watu wanaaminika au kwamba inambidi mtu awe mwangalifu sana. Mfasiri mwenye haraka ataandika “watu wengi wanaaminika”, na atakuwa amebadilisha swali, kwa kuwa “watu wengi” ni watu ambao idadi yao si ndogo, ilhali kinachoulizwa ni kuhusu walio wengi, yaani zaidi ya nusu. Mtu anaweza kusema bila kujipinga kwamba watu wengi wanaaminika na wengi hawaaminiki. Baada ya kusahihisha hilo linabaki swali la watu wenyewe ni akina nani. Jan Delhey na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba katika nchi zenye urithi wa mafundisho ya Konfusi neno hilo huwarudisha wahojiwa kwa jamaa na majirani, wakati katika nchi tajiri za Magharibi huwapeleka kwa wageni wasiojulikana, kiasi kwamba baadhi ya mataifa yaliyosifiwa kwa kuaminiana yalishuka sana duara la “watu” lilipozingatiwa.

Kitenzi “kuamini” kina mtego mwingine. Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha matokeo ya mahojiano zaidi ya 25,000 ya ana kwa ana katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara, yaliyofanywa kwa lugha na lahaja zaidi ya 60, na miongoni mwa yaliyotangazwa sana ni kwamba Watanzania 93 kati ya 100 wanaamini uchawi. Swali la namna hiyo likiulizwa kwa Kiswahili lina maana mbili: kukiri kwamba uchawi upo, na kuutegemea kwa kujikinga au kudhuru. Muislamu wa Tanga anayesoma katika Sura ya Al-Baqara habari za Harut na Marut na sihiri iliyofundishwa Babeli hawezi kukana kwamba sihiri ipo, na anaweza akasema anaamini huku akiwa hajawahi kukanyaga kwa mganga na akihesabu kufanya hivyo kuwa shirki. Tarakimu ile ile inayosomwa ng'ambo kama ushahidi wa dini iliyochanganyika na ushirikina inaweza kuwa, kwa sehemu isiyojulikana ukubwa wake, ushahidi wa watu kukishika kitabu chao.

Ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba katika nchi nne, Tanzania ikiwamo, zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliona kwamba sadaka kwa mizimu au mababu zinaweza kumkinga mtu na madhara, ilhali karibu wote walijitambulisha kuwa Wakristo au Waislamu. Msomaji wa nje huona hapo watu wenye dini mbili. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni hivyo, kwa kuwa neno “dini”, lililokuja kwa Kiarabu, limewekewa dini zenye kitabu, na tambiko limewekwa chini ya neno “mila”; akiulizwa dini yake atajibu moja, na anajibu kweli. Mwanateolojia Wilfred Cantwell Smith alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba neno la Ulaya lenye maana ya dini liachwe kabisa, kwa kuwa limekusanya mambo yasiyo ya aina moja. Pendekezo hilo halikufuatwa, lakini madodoso yameendelea kulithibitisha.

Japani ni ushahidi ulio wazi zaidi. Neno “shukyo” lilipewa kazi ya kubeba maana ya dini katika karne ya 19, nchi hiyo ilipolazimika kufunga mikataba na mataifa ya Magharibi, na mpaka leo lina harufu ya jumuiya yenye mafundisho na uanachama. Taarifa zinazotolewa na mahekalu na taasisi za dini kwa serikali hujumlisha waumini zaidi ya milioni 160 katika nchi ambayo watu wake hawafiki milioni 130, kwa sababu familia moja huhesabiwa na hekalu la Kishinto na la Kibudha pia. Kwa upande mwingine utafiti wa tabia ya taifa, uliofanywa tangu 1953 na taasisi ya takwimu ya nchi hiyo, huwakuta watu wapatao 3 tu kati ya 10 wakisema wana imani ya dini, na papo hapo wapatao 7 kati ya 10 wakisema kwamba moyo wa kidini ni jambo muhimu. Hakuna anayedanganya katika hesabu hizo. Zinahesabu vitu vitatu, na kosa ni la yule anayechukua mojawapo na kuipanga katika jedwali chini ya Nigeria na juu ya Uswidi.

Mwanafalsafa W. V. Quine alidai mwaka 1960 kwamba tafsiri mbili zinaweza kuafikiana na kila kinachoonekana katika mwenendo wa wazungumzaji na bado zikatofautiana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba hakuna ukweli zaidi wa kuamua kati yao. Dai hilo ni kali mno kwa mahitaji ya makala hii, kwa kuwa mfano wa uchawi unaweza kurekebishwa kwa maswali mawili badala ya moja. Linatosha, hata hivyo, kuwanyima raha wale wanaoamini kwamba tafsiri ikishasahihishwa kinachobaki ni kuhesabu tu.

Vipimo navyo hutofautiana hata pale maneno yanapolingana. Gary King na wenzake walieleza mwaka 2004 kwamba raia wa China, walipoulizwa wana sauti kiasi gani katika kuifanya serikali ishughulikie mambo yanayowahusu, walijipa alama za juu kuliko raia wa Meksiko, ambao miaka michache kabla walikuwa wamekiondoa madarakani kwa kura chama kilichotawala kwa miongo saba. Watafiti hao waliwapa wahojiwa visa vifupi vya watu wa kubuni, kama vile mtu anayekosa maji safi na njia aliyo nayo ya kuwafikia viongozi, wakawataka wawapime watu hao kwa kipimo kile kile walichojipimia. Visa vilipotumika kama mawe ya mizani, mpangilio ulipinduka. Mbinu hiyo ni miongoni mwa zilizo bora kabisa, lakini inahitaji kisa kieleweke namna moja kila mahali, na kwa swali la uchaji Mungu ni vigumu kufikiria kisa ambacho Msunni wa Zanzibar, Mpentekoste wa Nairobi na Mbudha wa Kyoto watakisoma sawasawa.

Kutoka lugha na kipimo inafaa kuingia katika mahojiano yenyewe, ambayo ni mkutano wa watu wawili na si uchotaji wa maji kisimani. Mdadisi ni mgeni, na mgeni hapewi jibu la kumvunja moyo. Lisa Blaydes na Rachel Gillum, waliochunguza mahojiano ya wanawake jijini Cairo, walikuta kwamba Waislamu waliohojiwa na mdadisi aliyevaa hijabu walijieleza kuwa washika dini zaidi kuliko waliohojiwa na asiyevaa. Afrobarometer hufunga dodoso lake kwa kuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyemtuma mdadisi, na sehemu kubwa ya watu katika nchi nyingi hujibu kwamba ni serikali, ingawa mwanzoni walielezwa kwamba sivyo. Anayedhani anazungumza na serikali hutoa kauli ya mtu anayezungumza na serikali, na mfano wa Tanzania unaonyesha kwamba tahadhari hiyo si njozi: mwezi Julai 2018 shirika la Twaweza, linalotumia mahojiano ya simu katika mpango wake wa Sauti za Wananchi, lilitangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 96 mwaka 2016, na muda mfupi baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaliandikia ikitaka maelezo kuhusu kibali cha utafiti. Ikiwa aliyeuliza aliitwa kujieleza, aliyejibu hana sababu ya kujiona salama zaidi.

Hofu si chanzo pekee, wala si kikubwa kuliko vyote. Kwa miongo mingi Wamarekani wapatao 40 kati ya 100 walisema katika mahojiano kwamba walihudhuria kanisani wiki iliyopita. Mwaka 1993 C. Kirk Hadaway, Penny Long Marler na Mark Chaves walihesabu watu waliokuwamo makanisani, wakianzia wilaya moja ya Ohio, wakakadiria kwamba wahudhuriaji halisi walikuwa karibu nusu ya hao. Philip Brenner alilinganisha baadaye majibu ya mahojiano na shajara za matumizi ya muda, ambamo mtu huandika alichofanya saa kwa saa bila kutajiwa dini, akakuta tofauti kubwa Marekani na ndogo katika sehemu kubwa ya Ulaya. Alipoifanya kazi hiyo kuhusu sala katika Pakistan, Uturuki na Palestina alikuta ziada huko pia. Maelezo yake ni ya kuzingatiwa: anayeulizwa alikwenda kanisani lini husikia anaulizwa yeye ni mtu wa namna gani, naye hujibu swali hilo la pili. Ghazali, aliyetenga sehemu ya kitabu chake cha Ihya kwa ajili ya riya, yaani kufanya ibada ili kuonekana na watu, asingeshangazwa na ugunduzi huu. Angeongeza tu kwamba pale ambapo wacha Mungu wa kweli hufundishwa kuficha ibada zao, dodoso hukosea kwa pande mbili: huwakuza wanaojionyesha na kuwapunguza wanaojificha.

Wapo waliohitimisha kutokana na haya yote kwamba maoni ya umma ni kitu kisichokuwapo. Ndivyo Pierre Bourdieu alivyoipa jina makala yake ya mwaka 1973, akidai kwamba utafiti wa maoni hudhania bila haki kwamba kila mtu anaweza kuwa na maoni, kwamba maoni yote yana uzito sawa, na kwamba watu wamekubaliana ni maswali gani yanafaa kuulizwa. Kabla yake Philip Converse alikuwa ameonyesha mwaka 1964 kwamba majibu ya watu wengi juu ya sera hubadilika-badilika bila mpangilio wakiulizwa tena, na mwaka 1980 George Bishop na wenzake walichapisha jaribio ambalo takribani theluthi moja ya wahojiwa wa Cincinnati walitoa maoni juu ya sheria ambayo haikuwahi kutungwa. Ushahidi huo ni mzito, lakini hitimisho la Bourdieu limezidi kipimo. Theluthi mbili hivi hawakutoa maoni, na hilo nalo ni jambo la kujua. Isitoshe, anayesema kwamba kauli za raia hazina maana kwa sababu hazikukomaa huwaachia uwanja wale wenye kauli zilizokomaa, ambao kwa kawaida ndio walio na vyeo, vipaza sauti na magazeti.

Msimamo unaotetewa hapa ni mwembamba zaidi. Jibu la dodoso ni ushahidi, si kipimo, na ushahidi una kanuni zake za kale ambazo kadhi na hakimu wanazijua: ni nani aliyetoa kauli, mbele ya nani, kwa lugha gani, akiogopa au kutarajia nini, na kama aliwahi kusema vingine. Akizifuata kanuni hizo mtafiti anaweza kusema mengi. Akiuliza swali lile lile, kwa lugha ile ile, katika nchi ile ile, kila baada ya miaka kadhaa, mabadiliko ya kauli yana maana hata kama kila kauli ina ziada ndani yake, mradi hali ya kuulizia haijabadilika. Akilinganisha mikoa ya nchi moja bado yuko katika ardhi ngumu kiasi. Akiziweka nchi 100 katika safu moja kuanzia iliyo na dini zaidi hadi isiyo na dini, amekwisha kutoka katika zahiri na kudai kuona batini, na jedwali lake halistahili kuchapishwa bila dodoso la kila lugha kuambatanishwa, jambo ambalo baadhi ya taasisi hulifanya vizuri na magazeti yanayozinukuu hayalifanyi kamwe.

Hali ya serikali za Afrika Mashariki katika suala hili ni ya kutazamwa kwa makini. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza dini na ikawaweka katika fungu moja watu 755,750 kama wasio na dini au wasioamini kuwapo kwa Mungu, na kwa njia hiyo mtu asiyejiita mfuasi wa dini yoyote, ambaye pengine hapitishi siku bila kumtaja Mungu, akahesabiwa pamoja na wanaomkana. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Sensa yake ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na asilimia za Waislamu na Wakristo wa nchi hiyo zinazochapishwa kila mwaka hazikutoka humo.